Maswali ya Wasomaji: Mchora Katuni Aliyeyavika Mashairi Mifupa

Katika toleo lililopita tulichapa, kwenye ukurasa wa sanaa, picha ndogo ya fuvu la mwanamke aliyevaa kofia pana yenye manyoya ya ndege na maua, na chini yake tukaandika tu kwamba mchoraji wake ni José Guadalupe Posada wa Meksiko, mchora katuni wa magazeti aliyeishi kwa kuyachorea picha mashairi. Barua zilizotufikia kuhusu picha hiyo ni nyingi kuliko tulivyotarajia, kwa hiyo safari hii safu nzima tumempa yeye.

*Ndugu Mhariri, picha hiyo nimewahi kuiona kwenye fulana ya mtumba aliyoivaa kijana mmoja wa mtaani kwetu, nami nikadhani ni alama ya kikundi cha muziki. Naomba mnieleze mchoraji wake ni nani hasa, na kama kweli picha ilichorwa kwa ajili ya shairi, shairi hilo linasema nini? — Mwalimu wa sekondari, Tanga*

Mwalimu, Posada alizaliwa tarehe 2 Februari 1852 katika mji wa Aguascalientes, katikati ya Meksiko, mtoto wa mwoka mikate. Kaka yake Cirilo, aliyekuwa mwalimu kama wewe, ndiye aliyemfundisha kusoma. Akiwa bado kijana aliingia kujifunza kazi katika kiwanda cha uchapaji cha José Trinidad Pedroza, na mwaka 1871, alipokuwa na miaka 19, akaanza kuchora katuni za siasa katika gazeti dogo lililoitwa *El Jicote*, yaani nyigu, ambalo lilimuuma sana gavana wa jimbo hilo wakati wa uchaguzi. Gazeti lilitoka mara 11 tu likanyamaza. Mwaka uliofuata Pedroza na mwanafunzi wake walihamia mji wa León, na huko Posada akakaa miaka kumi na kitu akichapa lebo za bidhaa, picha za watakatifu na kurasa za vitabu, na hatimaye akifundisha uchapaji wa jiwe katika shule ya sekondari ya mji huo. Mwezi Juni 1888 mafuriko makubwa yaliufunika mji wa León na kuua watu wengi, na kabla mwaka haujaisha Posada alikuwa ameshahamia Jiji la Meksiko, ambako alipata kazi katika magazeti yenye picha ya Ireneo Paz, babu wa mshairi Octavio Paz.

Hata hivyo, kazi iliyomjengea jina aliifanya zaidi kwa mchapishaji mwingine, Antonio Vanegas Arroyo, ambaye tangu mwaka 1880 alikuwa akiuza machapisho ya bei ya chini kabisa: vitabu vya mapishi, sala, mifano ya barua za mapenzi, michezo ya kuigiza ya watoto, na juu ya yote karatasi moja moja zilizochapwa mashairi pamoja na picha. Karatasi hizo zilikuwa nyembamba na dhaifu, mara nyingi za rangi ya waridi, kijani au manjano, na ziliuzwa kwa senti moja au chache sokoni, kwenye maonyesho na kwenye milango ya makanisa siku za sikukuu. Picha ya mwanamke mwenye kofia ilitoka katika karatasi ya namna hiyo.

Sasa nije kwenye shairi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Leo inaelezwa karibu kila mahali kwamba fuvu lile ni kejeli dhidi ya mabibi matajiri wa enzi ya Rais Porfirio Díaz waliojifanya Wazungu wa Paris. Ukiisoma karatasi yenyewe, iliyochapwa mwaka 1913, utakuta kichwa cha habari kinachowalenga watu wengine kabisa: kinasema kwamba wauza dengu wanaojipaka poda leo wataishia kuwa mafuvu yaliyoharibika umbo. Wanaokusudiwa ni wasichana wa kazi na wachuuzi, wengi wao wenye asili ya wenyeji wa nchi, ambao kosa lao ni kuvaa nguo ya kubana kiuno na viatu vya visigino virefu. Ubeti mmoja maarufu wa karatasi hiyo nimejaribu kuuweka katika Kiswahili, nikaviacha visigino nje kwa ajili ya mizani:

Warembo wapo wazuri,
viuno wamejibana;
mwisho wao ni kaburi,
mafuvu ya kurundana.

Utaona kwamba kejeli hii haina ushujaa wowote ndani yake, kwa kuwa inamcheka mnyonge aliyejipamba. Picha, ikitazamwa peke yake, haisemi kofia ile ni ya bibi au ya mtumishi wake, na ndiyo maana imeweza kubebeshwa maana iliyo kinyume na maneno iliyochapwa nayo. Mabadiliko hayo yalikamilishwa na Diego Rivera, mchoraji mashuhuri wa kuta wa Meksiko, aliyemchora mwanamke huyu katika picha kubwa ya ukutani ya mwaka 1947, katika hoteli iliyokuwa karibu na bustani ya Alameda ya Jiji la Meksiko. Posada alikuwa amechora kichwa na mabega tu. Rivera akampa mwili mzima, gauni refu, na nyoka mwenye manyoya shingoni, kisha akamsimamisha amemshika mkono Posada mwenyewe upande mmoja, na upande wa pili akamshika mkono Rivera akiwa mtoto. Mwanamke anayechorwa kwenye fulana na nyusoni mwa watu wakati wa Siku ya Wafu, sikukuu ya Meksiko ya kuwakumbuka marehemu, ni wa Rivera kwa kiwiliwili na wa Posada kwa kichwa. Kijana wako wa mtaani amevaa kazi ya watu wawili.

*Assalamu alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni mtunzi, na nimevutiwa kusikia kwamba magazeti ya huko yalikuwa na mashairi yenye picha. Mashairi yenyewe yalikuwa ya namna gani? Yalikuwa na vina na mizani, au yalikuwa huria? Na mchoraji alianza na picha au alianza na shairi? — Mtunzi, Unguja*

Waalaykumu salaam, Bwana mtunzi. Yalikuwa na vina na mizani, na mojawapo ya namna zake utaitambua mara moja. Karatasi za Vanegas Arroyo zilibeba tungo za aina nyingi, lakini mbili ndizo zilizotawala.

Ya kwanza ni korido, utenzi wa masimulizi unaoimbwa kwa gitaa. Mshororo wake wa kawaida una mizani nane, sawasawa na utenzi wetu, na beti zake huwa na mishororo minne, ingawa kina cha lazima huangukia mshororo wa pili na wa nne badala ya kuunganisha mitatu ya kwanza na kuuacha wa nne kuwa bahari. Mtunzi wa korido huanza kwa kutaja mwaka, mahali na tukio, akasimulia kisa chake bila kuzungukazunguka, na mwisho akawaaga wasikilizaji kwa ubeti maalumu wa kuagana. Msomaji aliyezoea dibaji na tamati za tenzi za pwani hatajiona mgeni humo. Habari zenyewe zilikuwa zile zile ambazo gazeti lolote la senti moja lingezitaka: jambazi Valentín Mancera aliyesalitiwa, mtu aliyepigwa risasi na kikosi cha askari alfajiri, treni iliyoanguka, nyota yenye mkia iliyoonekana mwaka 1910 na kuwatia watu hofu ya kiyama. Sehemu kubwa ya watu wa Meksiko wakati huo hawakujua kusoma, kwa hiyo muuzaji alizitangaza beti kwa sauti sokoni, wengine waliziimba, na aliyenunua alikwenda kumtafuta jirani anayejua kusoma. Picha ilikuwa ndiyo sehemu pekee ya karatasi ambayo mnunuzi angeweza kuisoma mwenyewe kabla ya kutoa senti yake.

Ya pili ni kalavera, ambayo ni tungo ya dhihaka ya tarehe 1 na 2 Novemba, wakati watu wa Meksiko wanapowakumbuka marehemu wao. Katika kalavera mtunzi humwandikia mtu aliye hai maneno ya kaburini kana kwamba ameshakufa, akimtaja kwa kazi yake au kwa tabia yake: mwanasiasa, mwokaji, mpishi, mlevi, padri, mwandishi. Posada ndiye aliyezipa tungo hizo sura yake ya kudumu, ingawa hakuwa wa kwanza, maana Manuel Manilla, aliyemtangulia katika kiwanda cha Vanegas Arroyo, alikwisha kuchora mafuvu na viunzi vya mifupa kwa kazi hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mifupa ya Manilla imetulia, ilhali ya Posada inakimbia, inacheza, inapigana visu na kufua nguo.

Nikupe mfano mmoja ninaoupenda kuliko ule wa kofia. Katika karatasi moja Posada amechora viunzi vya mifupa vikishindana mbio za baiskeli. Waendeshaji wameinamia usukani, magoti ya mifupa yamepinda, wengine wamevaa kofia za wakati ule, na vumbi linatimka. Kila mwendeshaji ni gazeti mojawapo la jijini. Maneno yaliyo pamoja na picha yanasema kwamba katika uwanja huu mashuhuri wa mashindano hatakosekana hata mwandishi mmoja, na kwamba mauti yasiyoombeka hayamheshimu hata huyu mnayemwona juu ya baiskeli. Hebu fikiri jinsi viwili hivi vinavyogawana kazi. Shairi halikueleza mbio, kwa sababu picha imeshazieleza. Picha nayo haikusema kwamba mbio hizo zina kituo kimoja tu cha kumalizia, kwa sababu hilo limeachiwa shairi. Ukizitenganisha, utabaki na wasia wa kawaida kuhusu kifo upande mmoja, na mchezo wa watoto upande wa pili. Mshororo wa tungo hii ni mrefu kuliko ule wa korido, wa mizani kumi na moja, na mwendo wake wa kifahari kidogo unaongeza mzaha, kwani unawasindikiza kaburini waandishi kwa heshima zote.

Kuhusu kipi kilitangulia, kwa kazi mpya maneno ndiyo yaliyotangulia. Mchapishaji alipata habari, akampa mtunzi aliyelipwa, mara nyingi Constancio S. Suárez wa Oaxaca, kisha Posada akachora kwa kufuata kisa. Watunzi wengi hawakutajwa majina kwenye karatasi. Hata hivyo kulikuwa na njia ya pili ambayo mtunzi kama wewe huenda ikakukera: kibao cha picha, yaani bamba lililochongwa la kuchapia, kilichokwisha kutumika kiliwekwa kabatini, na habari nyingine ikitokea kwa ghafla kilitolewa tena na kuandikiwa beti mpya. Mtu aliyesimama mbele ya kikosi cha risasi katika picha moja angeweza kufa mara mbili au tatu, kila mara kwa jina jingine, na wanunuzi hawakulalamika.

*Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa. Naona picha nyingine za Posada zina mistari meupe juu ya weusi, na nyingine zina mistari myeusi juu ya weupe. Je, ni watu wawili tofauti, au alibadilisha namna ya kuchora? — Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Marahaba. Una jicho zuri, na jibu ni kwamba mtu ni yule yule; kilichobadilika ni chuma alichokuwa akifanyia kazi na dawa aliyotumia.

Alipokuwa Aguascalientes na León alichora juu ya jiwe kwa kalamu ya mafuta. Jiwe hulowanishwa maji, wino hukataa sehemu zenye maji na hushika sehemu zenye mafuta, kisha karatasi inakandamizwa juu yake. Njia hiyo huleta vivuli laini sana, na katuni zake za ujana zimejaa vivuli hivyo. Tatizo lake kwa gazeti la haraka ni kwamba jiwe haliwezi kufungwa pamoja na herufi za risasi katika fremu moja; maneno yachapwe kwa mashine moja na picha kwa nyingine, na hapo muda na gharama vyote vinaongezeka.

Alipofika jijini akahamia kwenye vibao vya chuma laini, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, ule ule unaoyeyushwa kutengenezea herufi. Kibao hicho kina kimo sawa na herufi, kwa hiyo picha na shairi vilifungwa pamoja, vikapakwa wino pamoja, vikatoka kwa mkandamizo mmoja. Hapa mchoraji huchonga kwa kalamu ya chuma, na mahali alipochonga wino haufiki. Kwa hiyo mstari wake hutoka mweupe katikati ya weusi. Alikuwa na kifaa chenye meno kadhaa kilichochora mistari sambamba kwa mkupuo mmoja, na ndicho kilichompatia yale mawimbi mepesi unayoyaona kwenye mbingu na nguo za picha zake za miaka ya 1890.

Baadaye, kadiri karne ilivyokuwa ikigeuka, akaanza kutumia zinki. Safari hii alichora moja kwa moja juu ya bamba kwa wino usioliwa na tindikali, kisha bamba likatumbukizwa katika tindikali ikala sehemu zote zilizokuwa wazi, na mistari aliyoichora ikabaki imeinuka. Mstari wake sasa ukatoka mweusi juu ya weupe, ukiwa na kasi ya mkono anayeandika barua. Fuvu lenye kofia lilichorwa hivyo, na viunzi vingi vyenye pilikapilika ni vya kipindi hicho. Mchoraji aliyekuwa akiamshwa na habari ya asubuhi ili picha iwe sokoni jioni alihitaji njia kama hiyo.

Kuna shahidi aliyemwona akifanya kazi. José Clemente Orozco, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wachoraji wakubwa wa kuta wa Meksiko, alikuwa mtoto wa shule miaka ya 1890, na katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia kwamba Posada alifanya kazi mbele ya macho ya wapita njia, nyuma ya kioo cha duka. Orozco alisimama hapo mara nne kwa siku, kwenda na kurudi shule. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya risasi ili mchoro uonekane wazi, na kalamu ilipopita vipande vya chuma vilidondoka. Mtoto akathubutu kuingia na kuokota baadhi ya vipande hivyo. Anasema picha zile ndizo zilizomwamsha kuanza kuchora. Ukikaa nazo kwa muda, angalia sana mikono ya watu wake, kwa kuwa hapo ndipo utakapoona kwamba mzee huyu, pamoja na haraka yote, alikuwa amesoma mwili wa binadamu kwa bidii.

*Bwana Mhariri, nimesoma mahali kwamba Posada alikuwa mwanamapinduzi aliyepigana na udikteta kwa kalamu. Je, ni kweli, na serikali ilimwacha tu? — Msomaji, Mombasa*

Sifa hiyo alipewa zaidi na Diego Rivera na wenzake, ambao baada ya mapinduzi walikuwa wakitafuta babu wa sanaa yao, wakamkuta Posada akiwa ameshakufa na hawezi kubisha. Porfirio Díaz alishika nchi, kwa kipindi kimoja tu cha kupumzika, tangu 1876 hadi 1911, na katika miaka hiyo wahariri wakaidi waliijua vyema gereza la Belén. Posada alichorea magazeti mengi, yakiwemo yale ya senti moja yaliyosomwa na wafanyakazi, kama *Gil Blas Cómico*, *El Diablito Rojo* na *La Guacamaya*, ambayo yaliwacheka mabosi, mapolisi na matajiri wa kigeni. Humo kejeli zake ni kali kwelikweli. Lakini mtu huyo huyo alichora, kwa mchapishaji aliyemlipa, picha za watakatifu, za miujiza na za sherehe za serikali, na karatasi za mitaani zilimtendea kila mwenye madaraka kwa namna moja.

Mfano wa Francisco Madero unatosha. Madero alipomwangusha Díaz mwaka 1911 karatasi zilimshangilia. Kabla ya miaka miwili kupita, Posada alikuwa ameshamchora kama kiunzi cha mifupa kilichovaa kofia ya majani na nguo za mkulima, kikiwa na chupa ya pombe mkononi, ikikumbusha kwamba familia ya Madero ilikuwa na mashamba ya mizabibu huko Parras. Mtu wa chama asingemfanyia hivyo kiongozi wake. Mimi namwona Posada kuwa fundi wa mtaani aliyeishi jirani na wale aliowauzia, akacheka walichokicheka na kuogopa walichokiogopa, na katika hali hiyo wakati mwingine alimpiga rais na wakati mwingine, kama tulivyoona, akampiga mtumishi wa nyumbani. Atakayemtaka awe mtakatifu wa mapinduzi itambidi afiche nusu ya karatasi zake.

*Bwana Mhariri, alikufa lini, na kama alikuwa mashuhuri hivi, kwa nini inasemekana alizikwa kama maskini? — Msomaji, Bukavu*

Alikufa tarehe 20 Januari 1913, kwa ugonjwa wa tumbo, katika nyumba ya vyumba vya kupanga karibu na Tepito, mtaa wa watu wa hali ya chini katika Jiji la Meksiko. Waliokwenda kuripoti kifo walikuwa majirani, na miongoni mwao mmoja tu ndiye aliyeweza kuandika jina lake. Alizikwa katika makaburi ya Dolores, kwenye kaburi la daraja la sita, la watu wasiolipa, na baada ya miaka saba mifupa yake ilifukuliwa na kutupwa pamoja na mingine katika shimo la wote, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuidai.

Hakuwa mashuhuri wakati huo. Picha zake zilijulikana na kila mtu sokoni, lakini jina lake lilijulikana na wachapaji. Aliyemtoa gizani ni Jean Charlot, msanii kutoka Ufaransa aliyekwenda Meksiko mwaka 1921, akaziona karatasi zile zikiendelea kuuzwa mitaani, akauliza ni za nani, akafuatilia hadi kwa warithi wa Vanegas Arroyo ambao bado walikuwa na vibao. Makala yake ya mwaka 1925 ilifungua njia, na mwaka 1930 kikatoka kitabu cha kwanza kikubwa cha picha zake, zaidi ya 400, chenye utangulizi wa Rivera. Tangu mwaka 1972 mji wake wa Aguascalientes una makumbusho yenye jina lake.

*Je, ni kweli kwamba alichora picha 20,000? — Mpenzi wa vibonzo, Arusha*

Idadi hiyo hurudiwa sana, lakini wanaozihesabu karatasi zilizobaki huipunguza kwa kiasi kikubwa. Posada hakutia sahihi kazi zake nyingi, vibao vya Manilla na vyake viliwekwa kabati moja, na wachapishaji waliendelea kuvitumia kwa miaka mingi baada ya wote wawili kufariki. Ipo picha ya kiunzi cha mifupa chenye miguu ya buibui ambayo kwa muda mrefu ilitajwa kuwa ni Posada akimkejeli Jenerali Victoriano Huerta. Huerta alinyakua madaraka mwezi Februari 1913, mwezi mmoja baada ya Posada kuzikwa. Kwa hiyo ama picha ilichorwa kwa ajili ya shairi jingine ikabandikwa jina la Huerta baadaye, ama mkono ulioichora ni wa mtu mwingine.